Kinu, Mwambie Mama

Mama yangu Kabedi alikuwa na magonjwa mawili: sukari na heshima. Wa kwanza daktari aliupatia dawa. Wa pili ndio uliokaribia kumuua, na mume wangu aliutibu kwa mbuzi. Watu wakinisikia nasema hivyo wananiambia, "Joyeuse, usimcheke mama yako." Simcheki. Ningekuwa namcheka ningeanzia pale alipokuwa na unga mweupe shavuni, na huko tutafika tu.

Alizaliwa hapa hapa Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga. Baba yake aliletwa na kampuni ya shaba kutoka mkoa wa Kasai, akapewa nyumba ya matofali mtaa wa Dilala, akazaa watoto wake wote humo. Mama hakuwahi kuiona Kasai. Aliijua kama waumini wanavyoijua mbingu, kwa nyimbo. Nyumbani alisema Kiluba, mtaani Kiswahili, shuleni walimtia Kifaransa, na matusi alikuwa nayo katika lugha zote tatu. Baba yangu alipofariki, mama alibaki na watoto, nyumba, na kinu.

Kinu hicho ndicho kilichotulisha. Mama alikuwa mtengenezaji wa munkoyo, kile kinywaji cha uji wa mahindi kinachotiwa mizizi iliyotwangwa, kikalala, kikaamka kitamu. Watu wa Dilala walimjia na madumu yao, na wanaume waliotoka zamu walisimama uani kwake wakinywa kikombe kabla ya kwenda kugombana na wake zao. Basi alipofikia umri wa kuitwa bibi, hospitali ya kampuni ikamwambia ana ugonjwa wa sukari: ajichome insulini kila siku, na vitamu aviache.

"Mungu iko nanicheka," alisema. "Ananipa duka ya sukari, halafu anafunga kinywa yangu."

Akaacha kuonja, akanifundisha mimi nionje kwa niaba yake. Ila kuna siku insulini ilimzidi nguvu, sukari ikashuka badala ya kupanda. Hapo alitokwa jasho, akaanza kusema maneno yasiyo na kichwa wala miguu, na tiba yake ilikuwa papo hapo: kikombe cha munkoyo wake mwenyewe. Siku hizo alikinywa kwa furaha ya mwizi. Shida ilikuwa pale sukari iliposhuka ghafla hadi akaanguka. Mtu aliyezimia hatiwi kitu kinywani, atapaliwa. Kwa mtu wa namna hiyo dawa ilikuwa sindano, na sindano hiyo unachanganya kwanza unga na maji, unavuta, unachoma. Nani ana mkono wa kufanya hayo yote wakati mama yake amelala chini macho wazi? Mimi niliwahi kujaribu mara moja, nikavunja chupa.

Ndiyo maana Daktari Ngoy alipotangaza jaribio lake, mama alikuwa miongoni mwa wa kwanza kujiandikisha. Daktari Ngoy alikuwa kijana wa kaskazini ya Katanga, amerudi kutoka masomoni na masanduku ya dawa mpya ya kujaribiwa kwa watu wazima wenye ugonjwa wa sukari. Dawa ni ile ile ya sindano, lakini ya unga mkavu, ndani ya kifaa kifupi kama kipande cha kalamu. Unaingiza ncha puani, unasukuma kitako, basi. Haichanganywi na chochote, haichomwi, wala haihitaji friji, na friji za hospitali wakati ule zilikuwa zimegeuka makabati, kwa jinsi umeme ulivyokuwa unakatika.

Jaribio lilifanywa asubuhi. Mgonjwa alifika hajala, akalazwa, akatiwa insulini polepole hadi sukari ishuke huku nesi Josée akimtoboa kidole na kupima damu. Ikishafika chini, siku moja alipewa sindano, siku nyingine unga wa puani, nao wakaangalia sukari inapanda kwa mwendo gani. Mama alilipenda jaribio hilo kupita kiasi. Alikuwa analala pale akitetemeka, jasho linamtoka, na bado anawasimulia wenzake mambo ya mtaani. Siku ya unga, Daktari Ngoy alimwambia asivute, dawa inaingia yenyewe.

"Docteur," mama akamjibu, "kaku yangu, mama ya mama yangu, alikuwa anavuta tumbaku ya pua wakati babu yako hajazaliwa. Usinifundishe."

Akavuta. Akapiga chafya wodi nzima ikageuka, machozi yakamtoka, kichefuchefu kikamshika. Lakini sukari ilipanda. Ilikawia kidogo kuliko ya sindano, Josée alisema, ila ilipanda hadi mahali pazuri. Mama alirudi nyumbani akijisifu kama mtu aliyetoka Ulaya.

Hatua ya pili ndiyo iliyotuletea kesi. Kila mgonjwa alipaswa kwenda na unga nyumbani, vifaa viwili, ili sukari ikishuka kweli kweli mtu wa nyumbani amtie. Na Daktari Ngoy alitaka watu wawili wafundishwe kwa kila mgonjwa, ili mmoja akitoka mwingine awepo. Asiyekuwa na watu wawili anaondolewa kwenye jaribio, na akiondolewa anaikosa insulini ya bure waliyopewa wagonjwa wa jaribio. Wakati ule insulini madukani ilikuwa hadithi.

Mwaka uliotangulia mama angepeleka watu kumi. Lakini mwaka huo ulikuwa wa kufukuzwa watu wa Kasai. Kampuni ilikuwa inakufa, mishahara haitoki, na watu wenye njaa waliambiwa kwamba wanaowala ni Wakasai. Vijana walipita Dilala wakiimba kwamba bilulu warudi kwao. Bilulu ni wadudu, ndivyo walivyotuita. Kaka zangu walipanda treni za mwanzo. Nyumba ya mama, ile aliyozaliwa ndani yake, iliingiwa mchana kweupe, hata milango ikabebwa. Mama alikuja kwangu na kinu kichwani, chungu mkononi, na mfuko wa dawa kifuani. Mimi sikuguswa kwa sababu moja tu: mume wangu Kyungu ni mtu wa kaskazini ya Katanga, fundi wa pampu za kampuni kule Kingamyambo, na mlangoni mwake walimwona yeye, wakapita.

Kwa hiyo nyumbani kwangu kulikuwa na watu wazima wawili wa kufundishwa: mimi na Kyungu. Na Kyungu alikuwa mkwe wake.

Kwa asiyejua, nieleze. Kwetu Waluba, mwanaume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hamgusi. Hawali pamoja. Wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye majani hadi mwenzake apite. Si chuki, ni heshima ya ukwe, tunayoiita bukwe, na kadiri wanavyopendana ndivyo wanavyokimbiana. Kama kuna jambo moja ambalo Waluba wa Kasai na Waluba wa kaskazini ya Katanga hawajawahi kugombania, ni hilo.

Mama alipohamia kwenye chumba chetu cha uani, hao wawili walitumia kinu kusemezana. Kilikaa katikati ya uwanja, na ukuta mfupi wa jiko uliwatenga. Kyungu alisimama upande wake akiangalia mbinguni, na bukari, yaani ugali wetu, imeiva.

"Kinu, ambia mama bukari iko tayari."

Na mama kutoka upande wake: "Kinu, muambie mi nasikia. Muambie asante."

Nilikuwa nakaa katikati yao nikipepeta unga, nikisikia mti ukipewa salamu mchana kutwa. Kila mmoja aliniuliza kwa siri mwenzake anapenda kula nini. Kyungu hata alikikarabati kinu kilipopasuka, na mama akakipa kinu shukrani ndefu ambazo kisingeweza kuzibeba.

Siku ya mafunzo, Josée alileta kichwa cha mwanasesere chenye matundu ya pua. Mimi nilifundishwa upesi. Ilipofika zamu ya Kyungu, mama alijifunika kitambaa uso mzima na kusema, "Huyu hapana."

Daktari Ngoy, ambaye kwao ni kule kule kwa Kyungu, hakucheka. Alisema taratibu, "Mama, hii maladi ya sukari haijue bukwe."

"Mi najua," mama akasema.

Nilimwona Daktari akitazama masanduku yake, nikajua anatafuta namna ya kututoa bila kutuumiza. Ndipo Kyungu, akiwa amempa mama mgongo, akakichukua kile kichwa. "Hii haina binti mwenye nilioa," akasema. Akafundishwa, jasho likimtiririka, na mama akaruhusu jina lake liandikwe kwa sharti kwamba halitatumika kamwe. Tukarudi nyumbani na vifaa vyetu viwili, nikavitundika ndani ya kikapu mlangoni kwa mama.

Siku yenyewe nilikuwa stesheni. Watu wetu walikuwa wamejaa pale, wamelala juu ya mizigo yao wakisubiri treni, na mkubwa wao kwa upande wetu alikuwa Mjomba Muamba, kaka wa mama. Nilikuwa nawapelekea chakula kila mara. Siku hiyo mama alinipa sahani iliyojaa kuliko kawaida, nami sikuuliza. Kumbe ilikuwa na sehemu yake. Alishajichoma insulini, akampelekea kaka yake bukari aliyopaswa kula, kisha akashika mchi na kuanza kutwanga mizizi na tumbo tupu. Ndivyo alivyokuwa. Mkono wake haukujua kufunga.

Yanayofuata nimesimuliwa na Kyungu, na mama aliongezea anachokumbuka, ambacho si kingi.

Kyungu alikuwa upande wake wa ukuta akitengeneza baiskeli. Pampu za Kingamyambo zilishasimama, hakuwa na kazi nyingine. Alikuwa anasikia mchi unapanda na kushuka. Ukasimama. Akangoja.

"Kinu, uliza mama kama iko muzuri."

Kinu hakikujibu. Siku zote kilijibu kwa sauti ya mama. Akauliza tena. Akainua shingo juu ya ukuta akaona miguu imelala, na kiatu kimoja kimetoka.

Nataka mjue alichofanya kwanza, kwa sababu ndicho ambacho mtu wa kwetu angefanya. Hakumkimbilia. Alikimbia barabarani kutafuta mwanamke. Aligonga nyumba ya kulia, na nyumba ya kulia ilikuwa tupu. Ya kushoto pia, wenyewe walikuwa stesheni na mjomba. Aligonga mlango baada ya mlango akiita mama yeyote, na kinamama wote wa mtaa waliomjua walikuwa wamefungasha. Akarudi mbio, akachukua kifaa cha kwanza kikapuni, akapiga magoti kando ya mama, na akageuza uso ukutani.

Ndiyo. Mume wangu, fundi wa pampu, alitaka kumtia mtu dawa puani huku anaangalia ukuta. Alipapasa akakuta paji la uso, akaomba msamaha, akashuka, akakuta kitu alichodhani ni pua, akasukuma kitako hadi mwisho kama alivyofundishwa. Alipotupa jicho moja, shavu la mama lilikuwa jeupe pee. Unga wote ulikuwa hapo. Kifaa kikishasukumwa kimekwisha, na kikapuni kilibaki kimoja.

Kyungu ananiambia kwamba alilia wakati huo, na mimi namwamini. Alisema, "Kinu, ambia mama anisamehe." Halafu akageuka. Akamtazama mama mkwe wake usoni, mchana, mkabala, akaona kovu dogo juu ya mdomo ambalo hakuwahi kujua lipo, na kwamba mimi na mama tumefanana macho. Akakiinua kichwa chake akakiweka gotini. Akaingiza ncha ndani ya pua. Akasukuma.

Akangoja akimfuta jasho kwa shati lake. Mwanzoni hakuona kitu. Kisha vidole vikacheza. Kisha mama akapiga ile chafya yake ya wodi nzima, akafungua macho, na kitu cha kwanza alichokiona duniani aliporudi kilikuwa ndevu za mkwe wake.

Alimtazama kwa muda. Hakuwa na nguvu hata za kuinua mkono, lakini heshima yake ilikuwa imeamka kabla yake.

"Kinu," akasema, "ambia huyu muntu aache kichwa yangu."

Kyungu alikilaza kichwa kama yai, akaweka kikombe cha munkoyo na kipande cha bukari karibu na mkono wake, akakimbilia nyuma ya ukuta. Huko alikaa akimsikiliza anavyotafuna, na hakuondoka hadi nilipofika.

Nilidhani nitakuta furaha. Nilimkuta mama anafunga mzigo.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Ku gare, ku treni. Kwa bantu yangu."

"Hapa ni kwako!"

"Hapa ni kwa muntu alinishika kichwa." Alikuwa anakunja kitenge bila kunitazama. "Nitakaa namna gani? Kila siku nitapita mbele yake na hii uso aliona?"

Nilimkasirikia, nasema wazi. Nilimwambia kwamba ndani ya treni hakuna daktari wala Josée, kwamba insulini ya kwenye mfuko itaisha kabla ya Kasai, na kwamba kule Kasai anakokwenda hakuna anayemjua. Watu walikuwa wanakufa njiani ilhali ni wazima, sembuse yeye. Alisikia yote. Alikuwa anaogopa pia, nilimwona. Lakini aibu ilimkaba kuliko hofu. Maisha yake yote watu walikuwa wamemnyang'anya kitu kimoja kimoja, mume, watoto, nyumba, na heshima hii ndiyo iliyobaki. Sasa nayo imelalia goti la mkwe.

Kutoka upande wa pili wa ukuta tukasikia sauti ya Kyungu. "Kinu, ambia mama mi nitaleta mbuzi."

Mama aliacha kukunja.

Mila yetu si katili, ina mlango. Ikitokea mkwe amevuka mpaka, analeta mbuzi wa kuondoa haya. Anamkabidhi, anasema hadharani alichofanya, wanakula pamoja, na tangu hapo si mkwe tena bali ni mtoto. Lakini hafanyi hivyo jikoni. Mbuzi huyo hupokelewa na watu wa ukoo wa mama, mbele ya macho yao, au si mbuzi wa haya, ni kitoweo.

"Kinu, muambie bantu ya kwetu yote iko ku gare," mama akasema polepole. "Treni ikikuya, hakuna mwenye atapokea."

Akajitwika mzigo akaondoka, na mimi nikamfuata nikilia barabara nzima. Kinu alikiacha.

Kesho yake Kyungu aliamka akachukua baiskeli yake. Wakati ule mbuzi Kolwezi alikuwa adimu kuliko nyama ya tembo, lakini kulikuwa na mfanyabiashara aliyeshuka kutoka upande wa Musumba, mwenye manung'uniko mengi kuhusu barabara na mbuzi wachache waliobaki hai. Baiskeli ile Kyungu aliipenda kuliko mimi, na nilikuwa nimeshazoea. Aliiacha kwa yule bwana akaondoka na dume la mbuzi jeusi, lenye pembe moja iliyopinda na tabia mbaya. Mkono mtupu haulambwi.

Karibu na stesheni vijana walikuwa wameziba njia. Ni wale wale wa nyimbo. Hakuna kilichokuwa kinaingia kwa Wakasai bila wao kuuliza.

"We tata, mbuzi unapeleka wapi?"

"Ku gare."

"Kwa bilulu? Juu ya nini?"

Kyungu angeweza kudanganya. Hajui kudanganya. "Ni mbuzi ya bukwe," akasema. "Mama mukwe yangu iko kule. Nilimushika kichwa."

Mmoja akasogea. "Mama mukwe? Ulimushika kichwa?"

"Na pua."

"Eee! Na ulimutazama?"

"Nilimutazama."

Yule kijana akashika mdomo. Wengine wakaangaliana, na Kyungu anasema waligeuka ghafla wakawa watoto wa mama zao. "Pita, tata," wakamwambia. "Ile kintu hauwezi kulala nayo." Mbuzi alipogoma kutembea, mmoja wao alimsukuma kwa nyuma hadi karibu na reli, akarudi haraka kabla hatujamwona vizuri. Sijui kama ni yeye aliyebeba milango ya mama yangu. Inawezekana.

Mimi nilikuwa nimekaa na mama juu ya mzigo wake nilipoona pembe iliyopinda inakuja kati ya watu. Watu walisimama. Mtu wa Katanga anaingia stesheni peke yake, na mbuzi! Mama alimwona, akajifunika uso kwa kitenge, na nikasikia pumzi yake inavyokwenda mbio humo ndani.

Mjomba Muamba aliinuka akavaa koti. Alikuwa hana nyumba, hana kazi, amelala nje kama wenzake, lakini alivaa koti akafunga vifungo vyote.

"Sema ulifanya nini," akamwambia Kyungu.

"Nilimutazama mama ku uso. Nilimushika kichwa. Nilitia kintu ndani ya pua yake." Kyungu aliivuta kamba ya mbuzi. "Na mbele ya kufanya ile, nilipaka shavu yake unga, juu nilikuwa natazama ukuta."

Kwanza alicheka mwanamke mmoja, mama Ndaya, jirani yetu wa kushoto ambaye mlango wake uligongwa bure. Halafu cheko likapita kama moto wa majani makavu, watu ambao sikuwa nimeona meno yao kwa muda mrefu wakashikana mabega. Hata Mjomba Muamba aligeukia pembeni akakoholea ngumi yake. Lakini nilichokuwa nakiangalia ni kile kitenge. Kilikuwa kinatikisika. Nikafikiri mama analia. Alikuwa anacheka.

Mjomba aliipokea kamba. Mbuzi alichinjwa pale pale, sufuria zikatoka ndani ya mizigo, nyama ikagawanywa hadi ikawa vipande vya kidole kwa watu wengi kadiri ilivyowezekana. Mama na Kyungu waliwekewa sahani moja. Mama akafunua uso. Akachukua kipande, akakiweka mkononi mwa mume wangu, na kwa mara ya kwanza tangu nilipoolewa, hakumtumia mtu wala mti.

"Kyungu," akasema. "Mutoto wangu. Kula."

Vigelegele vilipigwa hadi askari wa reli akaja kuuliza kuna nini. Na Mjomba Muamba akainama kwa dada yake akamwambia, "Sasa hauna tena sababu ya kupanda." Alimwambia kwa upole, lakini najua kilimgharimu, kwa sababu dada yake ndiye pekee aliyekuwa amebaki naye. Mama alimpa mzigo wake wote ulivyokuwa umefungwa, na chungu juu yake.

Treni ilipofika alisimama na Kyungu kando ya reli akapunga mkono hadi ikapotea. Mjomba alifika Kasai, akapata shamba, akawa anatuma salamu na maharagwe. Wengine hawakufika. Mama aliwataja kwa majina kila Jumapili kanisani.

Tulipokwenda kwa Daktari Ngoy, alihuzunika kusikia kwamba kifaa kimoja hakikufanya kazi. Kyungu akamweleza kilifanya kazi vizuri sana, juu ya shavu. Daktari alikaa chini kwa kicheko. Alipoweza kusema tena alimwita Josée na kumwambia kwamba tangu leo, anayefundishwa aambiwe kwanza kabisa atazame pua, hata kama ni ya mkwe. Jaribio lenyewe halikwenda mbali, kwa kuwa nusu ya wagonjwa wake walikuwa ndani ya treni. Alituma matokeo aliyokuwa nayo huko alikosomea, akaendelea kumtafutia mama insulini kwa njia alizozijua yeye.

Mama aliishi nasi miaka mingi ya raha. Yeye na Kyungu walikuwa na maneno ya miaka yote ya kunyamaza, wakayamaliza mbele yangu, kila jioni, wakinisengenya. Alimfundisha kuonja munkoyo. Unga wa puani ulipokwisha, walirudia sindano, na Kyungu ndiye aliyeichanganya. Mkono wake haukutetemeka. Walipokosana tu ndipo mama alipogeukia uwanjani. "Kinu, muambie huyu muntu mi siseme naye." Na Kyungu akajibu, "Kinu, ambia mama mi nasikia," na hasira ikaishia hapo.

Alifariki kiangazi kilichopita, mzee, kitandani kwake, tukamzika. Wageni walipoondoka nilipika bukari, nikatoka kumwita mume wangu. Nilimkuta kasimama uwanjani, mgongo kwangu, uso juu kama zamani, mkono juu ya ukingo wa kinu.

"Kinu," akasema, "ambia mama chakula iko tayari."

Alikaa hivyo akingoja, na kinu kimenyamaza. Sikuweza kuvumilia. Nikasimama upande wa pili wa ukuta, pale mama alipokuwa anasimama.

"Kinu," nikasema, "muambie mama anasikia. Muambie asante."

Kisha nikamshika mkono tukaingia kula.